Mashine Haiweki Sahihi

Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali mstaafu, katika mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani



Nilipoingia ukumbini humu asubuhi nilitazama dirisha la tatu upande wa bwalo. Kioo kilichovunjwa kwa mpira mwaka 1970 kimekwisha kuwekwa kingine. Namwomba Ndugu Mkuu wa Shule asimtafute aliyekivunja, maana jalada hilo lilifungwa zamani.

Nimeombwa niseme juu ya akili bandia katika kazi za Serikali. Wengine huiita akili unde, wengine akili mnemba. Jina si kitu. Mimi si fundi wa mitambo. Nilikuwa mtu wa utawala kwa miaka 38, mingi kati ya hiyo nikiwa wilayani. Kwa hiyo nitasema juu ya kitu ninachokijua, yaani uamuzi wa ofisi. Maana mtambo huu ukishaingia ofisini hufanya kazi ile ile tuliyokuwa tukiifanya sisi: kuchambua maombi, kupanga majina, na kupendekeza nani apewe na nani anyimwe.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1979 karani aliniletea orodha ya maombi ya mafao ya warithi. Mbele ya jina la mama mmoja, mjane wa dereva wa Serikali, alikuwa ameandika maneno mawili: "Majina hayalingani." Katika cheti cha ndoa marehemu aliitwa Ali, na katika kumbukumbu za kazi aliitwa Ally. Mimi nilikuwa kijana mwenye haraka. Niliandika "Limekataliwa", nikaweka sahihi, nikaendelea na jina lililofuata.

Mama yule alikuja ofisini mara tatu kutoka kijijini kwake. Mara ya tatu mkubwa wangu wa kazi alimkuta amekaa barazani, akaagiza jalada. Akasoma dokezo, akaona tarehe, akaona sababu, akaona sahihi yangu. Akaniita, akaniuliza swali moja tu: "Ulimwuliza?" Sikuwa nimemwuliza. Wiki ile ile shauri lake lilimalizwa. Mpaka leo nikiliona jina Ally limeandikwa kwa namna yoyote, moyo wangu hushtuka.

Ndugu zangu, kosa langu lilipatikana na kusahihishwa kwa sababu tatu. Sababu ya kumnyima ilikuwa imeandikwa. Aliyeamua alikuwa na jina. Na palikuwa na mtu wa juu aliyeweza kulalamikiwa. Akili bandia ikiingia ofisini bila mambo hayo matatu, kosa kama langu halitakuwa la mama mmoja. Litakuwa la maelfu, na hapatakuwa na wa kuitwa.

Hayo si maneno ya kutishana. Yamekwisha kutokea katika nchi tajiri zenye wanasheria wengi na mitambo mizuri.

Tazameni Australia. Kuanzia mwaka 2015 Serikali ya huko ilianzisha mpango wa kuwadai watu waliodhaniwa wamelipwa msaada wa jamii kupita haki yao, mpango uliokuja kuitwa Robodebt. Haukuwa hata na akili bandia ya kisasa. Ulikuwa hesabu ya kugawanya. Mtambo ulichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima kutoka idara ya kodi, ukayagawa sawasawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili. Chukueni mfano wa kijana aliyefanya kazi nusu mwaka akapata dola 26,000, kisha akakosa kazi nusu mwaka akapewa msaada kwa haki. Kwa hesabu ya mtambo, kijana huyo alipata dola 1,000 kila wiki mbili mwaka mzima, hata zile wiki alizolala njaa. Basi mtambo ukasema ana deni, na yeye ndiye akatakiwa kutafuta karatasi za mishahara za miaka iliyopita ili ajitetee.

Mwaka 2020 Serikali ile ilikubali kuyafuta madeni hayo na kurudisha fedha. Mwaka 2021 Mahakama iliidhinisha mapatano ya kesi iliyohusu watu wapatao 433,000. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Catherine Holmes ilitoa ripoti yake Julai 2023. Jambo lililonigusa mimi, mtu wa majalada, ni hili: tangu mwaka 2014, kabla mpango haujaanza, wanasheria wa wizara mojawapo walikuwa wamekwisha kuandika kwamba hesabu ya namna ile haipatani na sheria. Ushauri ulikuwamo ndani ya jalada. Mtambo ukawashwa hata hivyo.

Uholanzi nako idara ya kodi ilitumia mtambo unaojifunza wenyewe kupima maombi ya msaada wa malezi ya watoto. Kila ombi lilipewa alama ya hatari, na miongoni mwa vigezo kilikuwamo cha kama mwombaji ni raia wa Uholanzi au siye. Ombi lenye alama kubwa lilipelekwa kwa afisa alikague, lakini afisa hakuambiwa kwa nini alama ni kubwa. Fikirini ofisa anayepewa jalada lenye dokezo lililoandikwa "Mtuhumu huyu" bila sababu wala sahihi! Familia nyingi zilidaiwa zirudishe maelfu ya yuro kwa upungufu mdogo wa karatasi. Nyumba zilipotea, ndoa zikavunjika. Januari 15, 2021, Serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kwa ajili ya jambo hilo.

Sasa turudi nyumbani. Je, tuikatae mitambo? La. Tulikwisha kujaribu. Kompyuta ya kwanza ililetwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya matatizo ya hesabu za Serikali, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Tulipoufungua mlango tena wenzetu walikuwa wamekwenda mbali. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, lakini ni wazee hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtambo wa kuonyesha kila asubuhi ni jalada la nani limelala mezani siku tisini ungekuwa rehema kwa wastaafu wengi. Mimi ningeupokea kwa mikono miwili.

Lakini upokewe kwa utaratibu. Nawapa masharti matano, na nyinyi mlio katika utumishi mnaweza kuyachukua mkayaweke katika dokezo lenu la kwanza.

Kwanza, sheria itangulie mtambo. Kabla ya kununua, ofisi iulize: ni sheria gani inayotupa madaraka ya kukusanya habari hizi na kuamua jambo hili? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume yake. Sheria hiyo inampa mwananchi haki ya kujua habari zake zinatumikaje na kutaka zisahihishwe. Pia, kwa masharti yaliyowekwa, anaweza kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mtambo peke yake. Majirani zetu wa Kenya walijifunza somo hili mahakamani. Oktoba 14, 2021, Mahakama Kuu yao ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu tathmini ya athari kwa habari za watu haikufanywa kwanza, kama sheria yao ya mwaka 2019 inavyotaka.

Pili, mtambo ujaribiwe kwa watu wetu. Mtambo uliofundishwa mbali haujui kwamba Ally na Ali ni mtu mmoja, wala kwamba mama anaweza kuwa na jina la baba yake katika cheti kimoja na la mumewe katika kingine. Haujui kwamba mzee asiyeijua siku yake ya kuzaliwa huandikiwa tarehe mosi Januari. Ukiona wazee mia wa tarafa moja wamezaliwa siku moja, utasema ni wezi. Basi yachukuliwe majalada ya zamani ambayo majibu yake tunayajua, mtambo uyapitie, tuone unakosea wapi na unamkosea nani zaidi. Usiachiwe kumgusa mwananchi kabla ya hapo.

Tatu, pawe na afisa mwenye jina. Awe na madaraka ya kuukatalia mtambo, muda wa kusoma, na hakika kwamba hataadhibiwa kwa kuukatalia. Mkimpa mtu mmoja maombi mia tatu kwa siku athibitishe yaliyopendekezwa na mtambo, hamkuweka afisa pale. Mmeweka mhuri wenye miguu.

Nne, sababu zitolewe, tena kwa Kiswahili. Barua ya kumnyima mtu haki yake isiseme "mfumo umekataa". Iseme amenyimwa kwa sababu gani, kwa sheria gani, na akate rufaa kwa nani. Katiba yetu katika ibara ya 13 imetaja haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Na nchi hii haikuanza jana. Mwaka 1966 tuliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ili mwananchi wa kawaida apate pa kumshitaki mkubwa aliyetumia vibaya madaraka, na kazi hiyo leo iko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Lakini Tume hiyo itachunguza nini ikiwa uamuzi haukuandikwa sababu?

Tano, mkataba usitufunge macho. Muuzaji akisema namna mtambo unavyoamua ni siri yake ya biashara, mwambieni basi akafanye biashara hiyo na watu binafsi. Ofisi ya umma haiwezi kuamua kwa sababu isiyoijua. Mkataba useme kwamba habari za wananchi ni amana ya umma, kwamba mkaguzi ataruhusiwa kuingia, na kwamba ofisi inaweza kuuzima mtambo siku yoyote na kazi ikaendelea.

Hapo niongeze neno dogo kwa watumishi vijana. Afisa anayenakili barua ya mwananchi akaitia katika programu ya simuni mwake ili imwandikie majibu, ameitoa siri ya jalada nje ya ofisi. Zamani mtu aliyelichukua jalada kwenda nalo kilabuni alipewa barua ya karipio. Simu isitusahaulishe adabu ile.

Ndugu Mwenyekiti, humu ukumbini namwona mwanasheria, mkaguzi wa hesabu, waalimu wawili wa hisabati, na wenzetu wanne walioko halmashauri. Ofisi nyingi za wilaya hazina mtu wa kuwasaidia kuusoma mkataba wa mtambo. Chama chetu hukusanya fedha za rangi na mabati, na hilo ni jema. Naomba tuongeze na hili: halmashauri inayotaka ushauri ipewe siku moja ya ujuzi wetu, bure. Mimi nitaanza, kwa kuwafundisha namna ya kuandika dokezo.

Nanyi vijana, msidhani mambo haya ni ya wazee. Katika miaka kumi ndinyi mtakaokaa kwenye viti vile. Someni hisabati vizuri, ili mtambo usiwatie kiwewe. Kosa la Australia lilikuwa la kugawanya, na mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kuliona. Someni uraia pia, ili mjue ni nani anayepaswa kusikilizwa kabla ya kunyimwa.

Na siku mtambo utakapowaletea orodha, nao umeandika mbele ya jina la mtu kwamba hayalingani, kumbukeni kwamba mashine haiweki sahihi. Sahihi itakuwa yenu. Kabla ya kuiweka, tokeni barazani mkamwulize.