Maji Yanayokula Jiwe



Adhana ya Magharibi ikilia, unafungua kwa tende na maji. Je, maji hayo yamepitia wapi?

Chini ya sakafu ya Bahari ya Hindi kuna mawe ya volkano. Maji ya chumvi huingia kwenye nyufa, yakapata moto, yakabadilishana na jiwe: yanaacha magnesiamu, yanachukua kalsiamu. Miaka ikienda, jiwe gumu hugeuka udongo.

Usidhani hayo ni ya mbali. Nairobi nayo imekaa juu ya lava na majivu ya volkano. Mawe ya kujengea yanachimbwa hapo Njiru. Ule udongo mweusi unaonata viatu Kayole mvua ikinyesha ni jiwe hilo hilo lililoliwa na maji. Na maji nayo huondoka na kitu: floraidi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima virefu vingi vya Nairobi vinazidi hapo. Mtoto mdogo akiyanywa kila siku, meno yake ya ukubwani hutoka na madoa ya kahawia, na hata siwaki haiyaondoi.

Kuchemsha kunaua vijidudu tu, floraidi inabaki. Basi ukinunua mtungi wa mkokoteni, uliza umetoka kisima gani. Cha ploti yenu kipimwe. Mvua ikija, kinga: maji hayo hayajapita kwenye jiwe. Yachemshe, wadogo zako wanywe hayo kwanza.

Ramadhan Kareem.