Karatasi Ndiyo Mtihani: Mifumo Endeshi Kwenye Steshenari ya Mbugani



Mabishano ya Windows na Linux huishia kwenye kioo: mfumo upi una sura nzuri, upi unawaka haraka. Naomba tuyahamishie Mbugani, hapa Kyela, kwenye meza ya steshenari, msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu. Kijana ameleta flashi. Fomu yake lazima iprintiwe, isainiwe na mdhamini na serikali ya mtaa, ipite kwa wakili au hakimu, iskaniwe, irudi mtandaoni. Anachotaka ni karatasi.

Kwa kipimo hicho Windows inashinda, ingawa si kwa ubora wake yenyewe. Printa ya bei nafuu kama HP LaserJet 1020 haiwezi kuupanga ukurasa. Kazi hiyo huifanya kompyuta, kisha huutuma kwa lugha ya mtengenezaji. Hata programu yake ya ndani haiitunzi. Umeme ukikatika, na mvua za Kyela mnazijua, lazima ipakiwe upya kutoka kwenye kompyuta. Draiva ya Windows huipakia bila mtu kujua. Kwenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kuna kijalizo cha kupakua kwanza. Bando likiwa limeisha, mteja kashahamia duka la pili.

Printa mpya zimegeuza mambo. CUPS, mfumo wa uchapaji alioubuni Michael Sweet miaka ya 1990, umo ndani ya Ubuntu na umo ndani ya Mac. (Mashabiki wa pande hizo hawapendi kukumbushwa kwamba wanakula chungu kimoja.) Printa inayoelewa viwango vya AirPrint au IPP Everywhere haidai draiva ya mtengenezaji: unaiunganisha, inaonekana, inachapa.

Kero moja haichagui mfumo. Kompyuta yenye mipangilio ya Marekani huomba karatasi ya Letter. Rimu yetu ni A4, basi printa inawasha taa na kugoma. Badilisha eneo liwe Tanzania, weka A4 kwenye printa, ndipo umwite fundi. Lugha nayo si dawa: programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2004, ilitupa menyu za Kiswahili. Jambo jema, ila menyu haiamshi printa iliyogoma.

Sasa Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 tangu Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Ushauri wangu kwa mwenye steshenari: chagua printa kwanza, isiyodai draiva, ndipo uweke Ubuntu kwenye mashine yako ya zamani. Ile 1020 ibaki na kompyuta yake ya Windows 10, ichomolewe kwenye intaneti. Flashi za wateja zifunguliwe kwanza kwenye Ubuntu, ambako virusi vya Windows havina pa kushika, na kwenye ile ya Windows zipelekwe PDF tu.