Damu Ipitavyo Mguuni, na Hatari ya Kamba

Leo nataka kuwaelezeni njia za damu katika mguu, kwa kuwa asiyezijua huweza kuupoteza mguu wa nduguye huku akidhani anamwokoa.

Moyo husukuma damu kwa nguvu mpaka miguuni. Mshipa mkubwa huingia pajani penye kinena, hupita nyuma ya goti, kisha hugawanyika matawi yashukayo mpaka unyayoni. Wekeni vidole nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, nanyi mtausikia mshipa ukipiga. Damu hiyo ndiyo iletayo chakula na hewa kwa nyama yote ya mguu.

Kurudi ni kazi nyingine, maana damu hupanda mlima. Mishipa irudishayo damu ina vilango vidogo vifungukavyo kuelekea juu tu. Na kila mtu apigapo hatua, nyama ya shavu la mguu huikamua damu na kuipandisha. Ndiyo sababu asimamaye kutwa mahali pamoja huvimba miguu.

Mwaka 1628 William Harvey, mganga wa Uingereza, alitoa kitabu kuonyesha kwamba damu huzunguka mwilini. Hoja yake moja ilikuwa kuufunga mkono kwa kitambaa. Kikikazwa sana, mshipa ulio chini yake huacha kupiga. Kikilegezwa kidogo, damu huingia ila hairudi, na mishipa hututumka.

Basi mfikirieni mtu aliyeumwa na moma katika shamba la ufuta, kisha akafungwa kamba chini ya goti. Kamba iliyokazwa huunyima mguu chakula chake, na baada ya saa kama sita nyama huweza kufa. Tena sumu ya moma yenyewe huharibu nyama, na kamba huizuia pale pale izidi kuharibu.

Kwa hiyo msifunge kamba, msichanje, wala msinyonye. Mlazeni mgonjwa na kumtuliza. Mvueni viatu na bangili. Utieni mguu gango la vijiti pasipo kukaza. Kisha mchukueni kwa machela upesi mpaka hospitali, ambako dawa ya sumu hutolewa. Asitembee, maana mwendo uipandishao damu huipandisha na sumu.

Waambieni haya na vijana walindao mashamba.