Ndege Iliyopotelea Jangwani

Leo tuzungumze habari za ndege moja ya vita, na kijitabu cha mfukoni cha mtu mmoja aliyekuwamo.

Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tarehe 4 Aprili 1943, ndege kubwa za mabomu za Marekani ziliruka kutoka Soluch, nchini Libya, kwenda kupiga bandari ya Naples, Italia. Moja iliitwa Lady Be Good. Ilikuwa na injini nne na watu tisa. Rubani alikuwa William Hatton, na msaidizi wake Robert Toner. Ndiyo kwanza walikuwa wanakwenda vitani.

Walifika giza limekwishaingia. Wakatupa mabomu baharini, wakarudi peke yao. Usiku wa manane rubani akaomba kwa redio aelekezwe njia. Akajibiwa. Lakini chombo chao hakikuweza kutambua kama kituo kiko mbele au nyuma. Wachunguzi waliona kwamba huenda walikwisha kukipita, nao wakadhani bado wanakiendea. Basi wakaenda, wakaenda, mpaka mafuta yakawa yanakwisha. Saa nane za usiku wakaruka kwa miavuli. Kumbe wako katikati ya Sahara, mamia ya kilometa kutoka pwani!

Mmoja mwavuli wake haukufunguka vizuri, akafa. Wanane wakakutana. Maji yao yote ni nusu chupa. Hebu fikirini, jamani: watu wanane, jangwani, nusu chupa! Wakapatana kila mtu apate kifuniko kimoja kwa siku. Ndege ilikuwa imeanguka kilometa 26 hivi kusini kwao, ndani yake mna maji, chakula na redio nzima. Wao hawakujua. Wakashika njia ya kaskazini. Njiani wakaacha viatu, na vitambaa vya miavuli wakavikandamiza kwa mawe, ili wanaowatafuta waone.

Haya ya safari yao tunayajua kwa sababu Toner aliandika kila siku. Mistari michache tu: baridi ya usiku, macho yanayouma kwa mchanga, sala zao. Siku ya tano watu watano walishindwa kuendelea, Toner akiwa mmoja wao. Watatu wakatangulia kutafuta msaada. Toner akaandika mpaka Jumatatu, tarehe 12 Aprili.

Jeshi lilidhani ndege imezama baharini. Mwaka 1958 watu wanaotafuta mafuta ya petroli waliiona jangwani. Mwaka 1960 ikapatikana miili ya wale watano, na kijitabu pamoja nao. Mwaka huohuo wakapatikana wawili kati ya wale watatu. Walikuwa wametembea zaidi ya kilometa 30 kutoka walipowaacha wenzao. Na yule ambaye mwavuli ulimwangusha akapatikana pia.

Amebaki Vernon Moore. Siku aliyoondoka Toner aliiandika. Alikofika hakuna aliyepaandika.