Anwani ya Tovuti Inapohama, Mwananchi Asipotee



Mwaka 2012 Wilaya ya Mkalama ilipomegwa kutoka Iramba, makao makuu yake yakawa Nduguti. Aliyezoea kwenda Kiomboi alihitaji kuelekezwa njia mpya.

Kurasa za tovuti nazo huhama. Mtaalamu wa TEHAMA huweka kanuni kwenye seva ili anayefungua anwani ya zamani apelekwe kwenye mpya. Kanuni ikikosekana, simu huonesha namba 404, yaani ukurasa haupatikani. Kanuni mbili zikipingana, msomaji huzungushwa, mfano wa mtu anayetumwa Nduguti na Nduguti wakamrudisha Kiomboi.

Mtaalamu huanza kwa kukagua mpangilio. Aghalabu kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini. Ya jumla ikitangulia, mahususi haifikiwi. Kisha hutazama aina: uhamisho wa muda hupewa namba 302, wa kudumu 301. Namba 301 hukumbukwa na kivinjari. Hivyo hata kosa likirekebishwa, simu yaweza kufuata njia ya zamani mpaka kumbukumbu hizo zifutwe.

Jambo hili si dogo. Anayekosa tangazo la mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu aweza kupitwa na muda wa kuomba.

Kiungo kikigoma, mwananchi asibahatishe anwani nyingine. Tovuti rasmi za Serikali huishia na .go.tz. Ainakili anwani iliyogoma kama ilivyo, aifikishe kwa Mtendaji wa Kata.