Neno "Mtaa" na Maana Yake katika Usharika

(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Nimepewa kulinena neno tulisikialo kila Jumapili katika matangazo pasipo kulitafakari, nalo ni "mtaa".

Katika miji ya pwani, mtaa ni sehemu ya mji wakaapo majirani. Mkomani na Langoni ni mitaa ya Lamu. Kanisa letu, KKKT, lililoundwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa saba, lina dayosisi. Dayosisi ina majimbo, jimbo lina sharika, na usharika una mitaa. Hata vijijini, ambako serikali husema "kitongoji", sisi husema "mtaa".

Mtaa ukiomba kuwa usharika, husikika manung'uniko: "Mnatugawa!" Ndugu zangu, kutokana na kugawa tuna mgawanyiko, tuna na mgawo. Mgawanyiko hutenga watu. Mgawo humfikishia kila mtu fungu lake. Mkate wa Meza ya Bwana humegwa ili wote washiriki, na neno "usharika" ni ndugu wa huko kushiriki.

Katika Kutoka 18, Yethro alimshauri Musa aweke wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi, ili watu wasichoke wakingoja. Naye mmisionari Bruno Gutmann, aliyehudumu miongoni mwa Wachaga hadi mwaka 1938, alijenga ushirika wa Wakristo juu ya ukoo, ujirani na rika, akijua kwamba mtu hulelewa na walio karibu naye.

Basi mtaa si kapu la kukusanyia ahadi. Mzee wa mtaa akilijua deni la bahasha ya mjane, asijue kwamba mjane huyo ni mgonjwa, neno limebaki, maana imetoka.

Tunapoingia karne ya pili, mitaa iliyokomaa tuiruhusu iende kwa baraka. Mzazi hamwiti mwasi mtoto aliyejenga nyumba yake. Nayo mitaa itakayobaki, kila msharika na ajulikane humo kwa jina lake.

Mungu awabariki. Amina.