Kuhifadhi Sauti za Wazee Wetu
(Hotuba katika sherehe ya miaka 100 ya Usharika)



Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alishuka Lindi, akasafiri hadi Masasi na uwanda wa Wamakonde. Alichukua fonografu na kamera ya sinema. Nyimbo alizinasa katika mitungi ya nta, kila mmoja ukibeba dakika chache tu. Ngoma alizipiga picha zisizo na sauti. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kalamu huhifadhi maneno ya mwimbaji, lakini haiwezi kuhifadhi pumzi yake, kupanda na kushuka kwa sauti yake, wala mwendo wa miguu yake.

Hata hivyo, Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeitikisa nchi, na mgeni huyo alisindikizwa na askari wa serikali. Ni nani angethubutu kumkatalia? Sauti zilisafiri hadi Ujerumani, waimbaji walibaki.

Leo vijana wetu wanaweza kuwarekodi wazee kwa simu ya mkononi. Nawasihi wafanye hivyo mapema, lakini kwa heshima. Kwanza, waombe ruhusa na kueleza kusudi lao. Pili, waandike jina, mahali na tarehe. Tatu, wairudishie familia nakala yake. Mzee aliyetupatia sauti yake asigeuzwe mgeni katika kumbukumbu yake mwenyewe.